Manjano, chai ya kijani na ubongo ulioumizwa na dawa: nini kinalinda na nini hakilindi

Jumbe za aina hii hazikosekani kwenye simu. Kunywa maji ya manjano na tangawizi kila asubuhi, utaosha ubongo uliochafuliwa na pombe. Mpe kijana aliyeacha unga juisi ya zabibu nyeusi, kumbukumbu yake itarudi. Anayemeza dawa kali za hospitali asikose chai ya kijani. Mwishoni huwekwa sentensi ya kuwanyamazisha wenye shaka: wanasayansi wamethibitisha.

Tafiti hizo zipo kweli, tena ni nyingi. Kinachopotea njiani ni habari kwamba karibu zote zilifanywa kwa panya au kwa seli zilizooteshwa kwenye vyombo vya maabara, na kwa masharti ambayo mgonjwa wa kawaida hayapati. Mzazi mwenye mtoto aliyeharibiwa na methamfetamini, dawa kali ya kulevya ya kuchangamsha, hana muda wa kuchambua hayo. Anataka tumaini, na anayemuuzia kopo la vidonge analijua hilo.

Nianze na jibu, kisha nieleze. Antioksidanti za mimea, yaani kemikali zinazozuia uharibifu wa uoksidishaji nitakaoueleza hapa chini, zimelinda ubongo wa wanyama wa maabara mara nyingi. Kwa binadamu, hakuna hata moja iliyothibitishwa kurudisha ubongo ulioharibiwa na dawa. Hata hivyo, zipo vitamini na kemikali chache zinazookoa ubongo na neva dhidi ya dawa fulani, na kila daktari makini anazijua. Hizo hufaulu kwa sababu kila moja inajibu jeraha mahususi la dawa mahususi, na inafika kwa wakati. Ninaposema dawa hapa nina maana ya zote mbili: zile za kutibu na zile za kulevya, pombe ikiwemo.

Radikali huru na wanaozizima

Uoksidishaji ni mmenyuko wa kikemia ambapo molekuli inapoteza elektroni, mara nyingi oksijeni ikihusika. Radikali huru ni molekuli iliyobaki na elektroni isiyo na mwenzake. Molekuli ya namna hiyo haitulii. Inanyang'anya elektroni kwa jirani, jirani naye anabaki na pengo, anamnyang'anya anayefuata. Mnyororo huo ukipita kwenye mafuta ya ukuta wa seli, ukuta unadhoofika na kuvuja. Ukipita kwenye protini, protini inapoteza umbo na kazi yake. Ukifika kwenye DNA, maagizo ya seli yanaharibika.

Antioksidanti ni kitu chochote kinachokata mnyororo huo. Vitamini C na E zimo katika kundi hili, pamoja na kemikali nyingi za mimea: kurkumini ya kwenye manjano, katekini za chai ya kijani, kwesetini ya vitunguu na tufaha, resveratroli ya maganda ya zabibu.

Fikiria jiko la kuni lililowashwa ndani ya nyumba ya nyasi. Ndani ya kila seli kuna majiko madogo yaitwayo mitokondria, yanayotumia oksijeni kutengeneza nguvu. Moto huo ndio uhai wenyewe, lakini hautoki bila cheche, na cheche ndizo radikali huru. Nyumba haiungui kila siku kwa sababu kuna watu wa kuzima cheche. Wengi wao ni wa humohumo ndani: glutathioni, ambayo seli hujitengenezea, na vimeng'enya, protini zinazoharakisha mimenyuko ya mwili, kama kile ambacho watafiti Joe McCord na Irwin Fridovich walikitambua mwaka 1969, kinachobadili radikali kali ya oksijeni kuwa kitu kisicho na ukali ule. Molekuli ya vitamini E ikishazima cheche moja inabidi irejeshwe hali yake ndipo ifanye kazi tena, lakini kimeng'enya kinaendelea na kazi bila kupumzika. Kwa hiyo ulinzi mkubwa wa mwili hautoki kwenye kopo. Unatoka kwenye seli yenye afya iliyolishwa vizuri.

Tena cheche zote si adui. Seli nyeupe za damu hutumia radikali huru kuua vijidudu, na misuli huzitumia kama ishara kwamba imefanya kazi na inahitaji kuimarika. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya vijana waliofanya mazoezi huku wakimeza vitamini C na E kwa wingi. Mwitikio mzuri wa mwili kwa insulini, ambao mazoezi huleta, ulionekana kwa waliofanya mazoezi bila vidonge, na ukafifia kwa waliovimeza. Kuzima kila cheche kuna gharama yake.

Kwa nini ubongo

Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote mtu anapokuwa ametulia. Oksijeni nyingi, cheche nyingi. Seli zake zimejaa mafuta ya aina inayooksidishwa kwa urahisi, yamo madini ya chuma yanayochochea radikali kali zaidi, na baadhi ya vimeng'enya vya ulinzi vimo kwa kiasi kidogo kuliko kwenye ini. Na seli ya ubongo ikifa, kwa sehemu kubwa haina wa kuirithi nafasi yake.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ndilo la kushangaza zaidi. Dopamini, kemikali ambayo ubongo hutumia kuratibu mwendo, hamu na furaha, ni hatari ikikaa mahali pasipo pake. Ikihifadhiwa ndani ya vifuko vyake haina shida. Ikimwagika ndani ya seli yenyewe inaoksidishwa na kugeuka sumu. Methamfetamini hufanya hivyo hasa: inavifungua vifuko hivyo kwa nguvu, dopamini inafurika ndani na nje ya ncha za neva, joto la mwili linapanda, na ncha zinaungua kutokea ndani. Mtu anahisi furaha kubwa, wakati mfumo uleule unaompa furaha ndio unaoharibika.

Hapo antioksidanti inaonekana kuwa jibu la wazi kabisa. Lakini methamfetamini ni mfano mmoja tu.

Heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni huua ubongo kwa njia tofauti: zinazima pumzi. Dakika chache bila oksijeni, seli zinaanza kufa. Anayepatwa na hali hiyo anahitaji kupuliziwa hewa, kupewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni mwilini, na kufikishwa hospitali. Juisi, maziwa au kidonge chochote mdomoni mwa mtu aliyezimia vinaweza kumpalia na kumuua.

Gundi na viyeyushi vya rangi vinavyonuswa huharibu mafuta yanayofunika nyuzi za neva. Pombe hufanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja: inazalisha radikali huru inapovunjwavunjwa mwilini, inavuruga mawasiliano ya seli, na kwa mnywaji wa muda mrefu inamkausha vitamini B1. Baadhi ya dawa za saratani hazipenyi sana kwenye ubongo, ila huamsha uvimbe wa kinga mwilini ambao athari zake zinafika kichwani. Wagonjwa huusema kama ukungu wa mawazo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, haiunguzi kitu. Inamnyang'anya mgonjwa vitamini B6.

Majeraha yanatofautiana, kwa hiyo mtu akisema kinywaji fulani kinalinda ubongo dhidi ya dawa, swali la kwanza ni: dawa ipi, na inaumiza kwa njia gani?

Ndani ya chumba cha panya

Tuutazame utafiti wa kawaida wa aina hii kwa karibu, kwa sababu ukishauona mmoja umeuona mwingi.

Panya wenye umri mmoja, uzito unaokaribiana na chakula kilekile, wanagawanywa makundi manne. Kundi la kwanza linapewa maji tu. La pili linapewa dawa yenye sumu. La tatu linapewa dozi ya mmea na dawa yenye sumu. La nne linapewa mmea peke yake, ili kuona kama wenyewe una madhara. Dozi ya mmea hupitishwa kwa mrija mpaka tumboni, kila siku kwa saa ileile, kwa wiki moja au mbili. Ndipo sumu inadungwa. Kabla ya mwisho panya huwekwa kwenye beseni la maji waogelee kutafuta jukwaa lililofichwa chini kidogo ya uso wa maji. Anayelikumbuka upesi ndiye mwenye kumbukumbu nzuri. Kisha wanauawa, ubongo unatolewa, unasagwa ukiwa kwenye ubaridi, na watafiti wanapima vitu kama malondialdehaidi, ambayo ni mabaki ya mafuta yaliyoharibiwa, pamoja na glutathioni iliyobaki.

Kundi la pili mabaki yamepanda, glutathioni imeshuka. Kundi la tatu hali ni nafuu. Makala inaandikwa, na kichwa chake kinasema mmea fulani unalinda ubongo.

Utafiti huo ni halali, na watafiti hawajadanganya. Ila irudie ile habari ya wiki moja au mbili. Mmea uliingia kabla ya sumu. Wazima cheche walikuwa tayari wamejipanga ndani ya nyumba moto ulipowaka. Binadamu anayeuliza kuhusu manjano anauliza baada ya miaka mitano ya pombe, au baada ya mwanawe kutoka kwenye kituo cha kurekebisha waraibu. Nyumba ilishaungua upande mmoja. Mtu wa kuzima cheche, hata awe hodari namna gani, hajengi ukuta ulioanguka. Tafiti zinazotoa mmea baada ya jeraha kutulia ni chache, na matokeo yake hayana ule mng'ao.

Kuna na suala la dozi. Kurkumini ya miligramu 100 kwa kila kilo ya panya ni dozi ya kawaida kwenye tafiti hizi. Dozi ya panya haihamishiwi kwa binadamu kilo kwa kilo. Kwa kanuni inayotumika sana hugawanywa kwa takriban 6. Mtu wa kilo 70 bado angehitaji kama gramu 1.1 ya kurkumini safi kila siku. Manjano ya unga ina kurkumini kiasi cha asilimia 3 hivi. Fanya hesabu: ni zaidi ya gramu 35 za unga kwa siku, kila siku. Kijiko kidogo kwenye kikombe hakifiki popote karibu na hapo.

Na ile iliyoingia tumboni haifiki yote. Kurkumini hupenya utumbo kwa shida, na ini huibadili haraka ili itolewe. Kinachobaki kwenye damu kinakutana na mlango wa mwisho, kizuizi kati ya damu na ubongo: ukuta wa seli zilizobanana kwenye mishipa midogo ya damu, unaochagua kwa ukali kinachopita. Tone la kwesetini linaloziokoa seli ndani ya chombo cha maabara halikulazimika kupita utumbo, ini wala ukuta huo. Vitamini C yenyewe huingia ubongoni kwa njia maalumu ya kupitishwa, na ubongo huing'ang'ania hata pale sehemu nyingine za mwili zinapokosa. Damu nayo hufikia kikomo: ukimeza zaidi ya miligramu mia chache kwa siku, kiwango chake kwenye damu karibu hakiongezeki, na ziada inaondoka na mkojo.

Upo pia mtego ambao wataalamu wa methamfetamini waliugundua miaka ya 1990. Vitu kadhaa vilivyoonekana kuulinda ubongo wa wanyama dhidi ya dawa hiyo vilikuwa vinashusha joto la mwili. Methamfetamini huharibu zaidi mwili ukiwa na joto kali, hivyo mnyama aliyepoozwa aliumia kidogo, hata kama kilichompooza hakikuwa na uhusiano na radikali huru. Asiyepima joto la panya wake anaweza kuusifia mmea kwa kazi iliyofanywa na ubaridi.

Binadamu walipojaribiwa

Mwaka 1982 huko California, vijana wachache waliojidunga heroini ya bandia walipooza ghafla, macho wazi, hawawezi kusogea wala kusema. Daktari J. William Langston na wenzake walifuatilia mpaka wakaipata kemikali iliyochanganyika humo kimakosa, MPTP. Ikifika ubongoni inageuzwa kuwa sumu inayoingia kwenye seli za dopamini na kuyazima yale majiko ya mitokondria. Vijana walikuwa wamepata kwa siku chache hali inayofanana na ugonjwa wa Parkinson, wa kutetemeka na kukakamaa viungo, ambao kwa kawaida hujijenga kwa miaka mingi.

Hakuna mfano ulio wazi kuliko huo wa dawa ya kulevya kuharibu ubongo, na uliwapa watafiti hoja ya maana: ikiwa Parkinson inahusiana na uoksidishaji, antioksidanti ingeweza kuipunguza kasi. Marekani na Kanada wakajaribu kwa wagonjwa 800 wenye Parkinson changa, baadhi wakipewa vitamini E uniti 2,000 kwa siku, dozi kubwa sana. Vitamini E haikusaidia. Baadaye ikaja zamu ya koenzaimu Q10, ambayo mwili hujitengenezea na ambayo ilikuwa imefanya vizuri kwa wanyama waliopewa MPTP. Wagonjwa 600 walihusishwa. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2011 kwa kuwa halikuwa linaelekea kuonyesha faida yoyote.

Upande wa kiharusi hali ilikuwa hiyohiyo. Dawa iliyoitwa NXY-059, iliyobuniwa kunasa radikali huru, ilikuwa imejaribiwa kwa wanyama kwa uangalifu kuliko nyingi zilizotangulia. Jaribio la kwanza kubwa lilitoa dalili nzuri. La pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, lilichapishwa mwaka 2007 na kuonyesha kwamba haisaidii.

Kwa waraibu wenyewe, Australia ilijaribu N-asetilisisteini, inayousaidia mwili kutengeneza glutathioni, kwa watu wanaotegemea methamfetamini: miligramu 2,400 kwa siku kwa wiki 12. Matumizi ya dawa hayakupungua kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na kitu.

Siyaorodheshi haya kwa kufurahia kushindwa kwa mtu. Kila jaribio hapo lilikuwa na wagonjwa waliojitolea na familia zilizosubiri. Ila mtu anapotangaza kwamba imethibitishwa, ana wajibu wa kuyataja na majaribio haya.

Pale ambapo kinga ni ya kweli

Parasetamoli iko karibu kila nyumba. Kwa dozi ya kawaida ni salama. Ikizidishwa sana, ini linazalisha kitu chenye sumu ambacho glutathioni hukinasa, mpaka glutathioni inakwisha. Kuanzia hapo seli za ini zinakufa. Ini likishindwa, sumu za mwili hupanda kichwani, mgonjwa anachanganyikiwa, kisha anazimia. Dawa ya kuzuia hayo ni hiyohiyo N-asetilisisteini iliyoshindwa kuwasaidia waraibu wa Australia. Ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kuzidisha dozi, inalinda ini karibu kabisa. Saa zikizidi, nguvu yake inapungua.

Kemikali moja inaokoa maisha huku na haifanyi kitu kule. Tofauti iko kwenye jeraha: hapa kilichokosekana kinajulikana, kinarudishwa kilekile, kabla nyumba haijaungua.

Isoniazidi ni hivyohivyo. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza kuhisi ganzi, kuchomachoma na moto kwenye nyayo mara nyingi amepungukiwa vitamini B6. Ndiyo maana watu walio kwenye hatari zaidi, kama wajawazito, wenye kisukari, wenye virusi vya UKIMWI na wenye lishe duni, hupewa B6 tangu siku ya kwanza, mara nyingi miligramu 25 kwa siku. Na mtu aliyemeza isoniazidi nyingi kwa mpigo akapata degedege zisizokoma, B6 ya sindano ndiyo inayozizima. Vitamini hii haifanyi hapa kazi ya kuzima radikali. Inajaza pengo.

Sasa tazama upande wa pili wa B6. Mwaka 1983 madaktari waliripoti watu 7 waliopoteza hisia miguuni na mikononi na kushindwa kutembea vizuri kwa sababu ya kumeza gramu 2 hadi 6 za B6 kila siku. Vitamini inayookoa neva kwa miligramu 25 iliziumiza kwa dozi kubwa mara 80 hadi 240.

Mnywaji wa muda mrefu ana hatari yake. Akianza kuchanganyikiwa, kuyumba akiwa hajalewa na macho kutotulia, huenda ubongo wake umekaukiwa vitamini B1. Carl Wernicke aliieleza hali hii mwaka 1881, na Sergei Korsakoff akafuatia na upotevu wa kumbukumbu unaobaki baadaye. Tiba ni B1 ya sindano, mapema, kwa kuwa utumbo wa mnywaji hauipokei vizuri kwa mdomo. Inauma kuona familia inampikia mtu wa namna hii supu na kumchemshia mizizi kwa wiki nzima, kwa upendo wa kweli, wakati sindano ya vitamini ya bei ndogo ingemwachia akili zake. Vivyo hivyo kwa wanaovuta gesi ya nitrasi oksaidi kwenye maputo: gesi hiyo inaiharibu vitamini B12, uti wa mgongo unaumia, na tiba ni kuacha gesi na kupewa B12.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi saa zinavyohesabika. Sisplatini, dawa ya saratani, huharibu kusikia, na kwa mtoto mdogo hilo lina maana ya kuchelewa kusema na kusoma. Sodiamu thayosalfeti, yenye salfa inayoinasa sumu hiyo, ilijaribiwa kwa watoto wenye saratani ya ini: waliopoteza kusikia walishuka kutoka asilimia 63 hadi 33. Hutolewa saa 6 baada ya sisplatini kuisha kuingia mwilini, kwa sababu ikiwahi inaweza kumlinda hata yule asiyetakiwa kulindwa, yaani uvimbe wa saratani. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani anayejiongezea vidonge vya antioksidanti kwa siri ana cha kumwuliza daktari wake.

Mambo yanayoaminiwa bila msingi

Kwamba cha asili hakidhuru. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa vimewaumiza watu ini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kuhusu miligramu 800 na zaidi kwa siku za katekini yake kuu. Chai ya kunywa kwenye kikombe haina historia hiyo. Vidonge vya kurkumini huchanganywa na piperini ya pilipili manga ili ipenye utumbo. Piperini hiyo hiyo inaizuia ini kuvunja dawa nyingine, ikiwemo fenitoini ya kifafa. Dawa ikipanda kwenye damu, mgonjwa anaanza kuyumba na kuona mbilimbili. Ameumizwa ubongo na kitu alichonunua ili kuulinda.

Kwamba ikizidi ni bora zaidi. Nchini Finland, wavuta sigara 29,133 walijaribiwa kwa vitamini E na beta-karotini, antioksidanti iliyoko kwenye karoti. Matokeo ya mwaka 1994 yaliwashtua watafiti wenyewe: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Karoti zenyewe hazina kesi. Kidonge kilichokolezwa, ndani ya mwili unaovuta sigara, kilifanya kitu ambacho karoti haifanyi.

Kwamba namba kubwa ya antioksidanti kwenye kopo ni kipimo cha ubora. Namba hizo hupatikana kwa kupima kitu ndani ya kioo. Wizara ya kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake maarufu ya namba hizo mwaka 2012, ikieleza kwamba hazionyeshi kinachotokea mwilini na kwamba zilikuwa zinatumiwa vibaya katika matangazo.

Na kwamba ubongo unaweza kuoshwa. Pombe hutoka kwenye damu ndani ya saa kadhaa, methamfetamini ndani ya siku chache, na hakuna kinywaji cha kuziharakisha. Kinachobaki baada ya hapo ni jeraha, na jeraha haliogeshwi.

Basi matunda, mboga na viungo havina kazi? Vinayo. Kemikali nyingi za mimea, kwa kiasi kidogo cha chakula, huisumbua seli kidogo, na seli hujibu kwa kuongeza walinzi wake yenyewe. Hiyo ni sababu nzuri ya kula kunde, mboga za majani na matunda ya rangi tofauti kila siku, kwa miaka, na hasa kwa aliyetoka kwenye ulevi akiwa amekonda. Ila chakula hicho ni cha kuulisha ubongo unaojijenga, na kinakwenda pamoja na kuacha dawa iliyouumiza.

Kuhusu kujijenga huko kuna habari ninayopenda ijulikane kuliko zote zilizotangulia. Mwaka 2001 mtafiti Nora Volkow na wenzake walichapisha picha za ubongo za watu wachache waliokuwa waraibu wa methamfetamini, zilizopigwa mara mbili: mapema baada ya kuacha, na tena wakiwa wamekaa miezi 12 hadi 17 bila kuigusa. Visafirishi vinavyorudisha dopamini kwenye ncha za neva, ambavyo vilikuwa vimepungua, vilionekana kupanda tena. Uwezo wa kumbukumbu na mwendo haukurudi wote kwa kasi hiyo, na wengine bado walikuwa na kazi ya kufanya. Hakuna aliyepewa mmea wowote kwenye utafiti huo. Kilichowapata ni miezi mingi mfululizo bila dawa, kitu ambacho mtu hukipata kwa shida asipokuwa na watu wa kumshika mkono, ushauri wa kitaalamu, usingizi wa kutosha na mahali pa kuishi mbali na wauzaji. Familia yenye fedha kidogo za kutumia kwa kijana wake izipeleke huko kwanza.